Springi za Pikapu kwenye Gari la Masanja

Masumbwe, Jumanne

Mjinga kabisa huyu Masanja! Hela za dhahabu anazo, akili ya springi hana. Nilimwambia springi za pikapu ni ngumu mno kwa gari lake dogo, hazitabonyea hata kwenye shimo. Akanijibu, "Fundi, nataka lisimame juu kama la bosi. Wewe funga tu."

Nikafunga.

Leo kamleta mama yake na gari hilohilo kutoka Buseresere. Mama wa watu kashuka kashika kiuno, hawezi kunyooka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyemfungia mwanangu hivi vyuma?"

Masanja akajifanya anasoma simu. Nilitaka kusema ni yeye aliyelazimisha, nikashindwa.

"Ni mimi, mama."

Nimerudisha springi za mwanzo bila kumsikiliza Masanja. Kiuno cha mama sijui kama kitapona.