Bukari Iko ku Moto

Mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima na mapendo, na kabla ya yote naulizia miguu yako. Kwenye simu unaniambia kwamba u mzima: "Minye niko bien, weye tumika tu kazi." Lakini mdogo wangu Ilunga anasema Jumapili hizi huendi tena kwenye misa kwa sababu magoti yamevimba. Nimwamini nani?

Huku Ubelgiji mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inayonionea. Wiki hii nimeikumbuka sana nyumba yetu ya kambi ya wafanyakazi, pale mtaa wa Panda, tena kwa sababu ya kosa la kazini. Unajua tunatengeneza lugha ya kompyuta ya kufanyia hesabu za aljebra. Humo kila aina ya kitu hutangaza kazi inazoziweza. Jedwali la namba, kwa mfano, hutangaza kwamba linaweza kugeuzwa kinyume, lakini kwa sharti: namba zake ziwe zinazokubali sehemu, kama nusu na robo. Zikiwa namba nzima tu, linyamaze. Mimi nikaandika tangazo bila sharti. Watu wakaomba kugeuza majedwali ya namba nzima, programu ikakubali, halafu ikakwama katikati ya hesabu.

Madame, mkuu wetu, akaniuliza kwa upole, "Mbona hili linamwahidi kila mtu?" Nikacheka, maana najua nimelelewa na nani. Mgeni akipiga hodi ulikuwa unamkaribisha aketi: "Muikale, bukari iko ku moto." Kumbe mbabula, jiko letu, haina hata makaa. Mimi natokea mlango wa nyuma na sahani, nakimbia kwenye vumbi jekundu kuomba unga wa kusonga bukari kwa Mama Kapinga, jirani yetu. Na mgeni alikula, kila mara. Nayatamani maisha yale, Mama, hata ule moshi uliotutoa machozi. Hapa mgeni hupiga simu kwanza.

Sharti nimeshaliweka, kazi inaendelea. Ila tangu siku hiyo nikiisikia "niko bien" yako, naikumbuka ile mbabula isiyo na makaa. Naogopa.

Nisalimie shangazi anayeuza majani ya sombe sokoni, na baba mdogo anayekaa Kakontwe. Ilunga usimgombeze, alisema kwa sababu anakupenda.

"Niko bien" waambie wageni, Mama. Mimi ulinizaa. Niambie unaumwa, nije.

Binti yako,
Mwadi