Njo na Ndiyo

Jumatatu, 9 Juni

Maharagwe motoni. Mwanangu Amani kifuani, homa bado. Grupe ya simu ya wamama wauzaji imeamka mapema kama kila siku: nani amepita barabara, nani amerudishwa na wenye bunduki. Bila grupe hii hakuna anayeshuka sokoni Mweso. Mama Riziki, msimamizi, ameandika: "Leo bantu banapita muzuri, njo vile." Nimemsahihisha. "Watu wanapita vizuri, ndiyo hivyo." Kwa mchezo tu. Shuleni tulifunzwa: kusema ni kusema, kuandika ni kuandika.

Jumanne, 10 Juni

Wamenicheka. "Eeh, Madamu Gramere! Tunauzisha maharagwe ao tunafanya egzame?" Nami nikacheka. Halafu mmoja akaandika: "Huyu namba yake ya mupya, hatumujue. Kiswahili hii njo ya bale banakuyaka na bunduki."

Kweli, wale wanaotujia na bunduki husema sanifu kama yangu.

Simu yangu ya zamani ilipotea tukikimbia vita. Niliingia upya kwa kiungo cha grupe, sikuwaza kujitaja jina. Nimeandika haraka: "Mimi ni mzaliwa wa Ngungu, tafadhali msiniogope." Sanifu tena! Vidole havijui njia nyingine. Nimezidi kuharibu.

Jumatano, 11 Juni

"Nyumba yake iko wapi? Vijana baende kumuona." Nimesoma hayo nikinyonyesha. Mlango nimefunga mchana kweupe. Kila anayepita nje nasikia anasimama. Baba Amani yuko machimboni Walikale, hapatikani. Wakiniita mpelelezi, nani atakataa?

Alhamisi, 12 Juni

Wamenitoa kwenye grupe.

Risasi asubuhi, upande wa barabara. Mtoto anawaka moto. Hospitali iko chini, Mweso, na mimi sijui kama njia imefunguka. Naogopa kushuka. Naogopa kubaki.

Nimemtumia Mama Riziki sauti. Si maandishi, sauti. "Mama, njo miye, Mama Amani, muke ya Bahati, wa kule juu ku kilima. Mutoto anagonjwa sana. Njia iko namna gani?" Nikalia humo humo. Sikufuta.

Ijumaa, 13 Juni

Amejibu kwa sauti. "Weee! Kumbe njo weye? Si ungesema! Acha barabara, pitia mu mashamba, nitakungojea ku hospitali." Nimeshuka na Amani mgongoni. Alikuwa mlangoni kweli. Amenikumbatia, akanigombeza: "Kiswahili yako itakuuwa, binti yangu." Amani amechomwa sindano. Analala.

Jumamosi, 14 Juni

Nimerudishwa kwenye grupe. Naandika njo. Naandika iko. Kama mtu anayeficha mtoto chini ya kitenge.

Jumapili, 15 Juni

Mvua. Amani amekula uji.

Namba mpya imeingia kwenye grupe: "Samahani, je, njia ya Mweso ni salama leo? Nina watoto wadogo." Kila herufi mahali pake. Wote wamesoma. Hakuna aliyejibu.

Barabarani kulikuwa kubaya, sote tulijua.

Nimeandika: "Si salama, dada. Usipite leo. Watoto wako wakae ndani."

Nimeituma hivyo hivyo, kwa sanifu. Jioni imefika. Mlango nimefunga mapema.