Kilichokuwa Kinalia Katika Pikapu ya Kasika

Butembo, Vulamba
18 Juni 2001

Mpendwa shemeji Zacharie,

Pokea salamu zangu na za watoto wote. Afya yako vipi huko Kampala? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua wakati wa mvua, kimepoa? Na mkeo Orpa, bado anaumwa mgongo? Sisi hapa hatujambo. Elsa amepanda darasa, baridi ya Butembo ni ile ile, na maharage yametoka vizuri mwaka huu. Nakuuliza haya yote kwa moyo mweupe, maana nataka barua hii ikukute mzima, umekaa vizuri kwenye kiti, na hakuna anayekuharakisha.

Barua yako ya Pasaka ilifika. Hukuniandikia mimi, ulimwandikia baba mkubwa Vagheni kwa kuwa yeye ndiye mkuu wa ukoo, lakini alinisomea yote. Ulisema pikapu ya marehemu kaka yako Kasika inalia barabara nzima, kutoka Butembo mpaka Beni, kwamba wasafiri wamekuletea habari hiyo mpaka huko, na kwamba mjane hajui kutunza gari la mwanaume. Ukaomba upewe wewe, au angalau ukatiwe fungu lako kabla sijaliua.

Ilinichoma. Gari hilo ndilo linalolisha watoto wa kaka yako. Linashuka Beni na maharage na vitunguu, linapanda na mawese na mchele, na nje ya hapo sina kitu. Baba mkubwa, ambaye si mtu mbaya, alinipa sharti mbele ya watu: ule mlio uishe, la sivyo gari liende kwa Zacharie. Kwa hiyo ujue kwamba nilikuwa nautafuta mlio huo huku nimekabwa koo.

Ni kweli lilikuwa linalia, sitakudanganya. Lilianza mara tu mimi na dereva wangu Kambere tulipoliunganisha tena. Kwii, kwii, kama mtoto wa nguruwe anayefungwa kamba. Hapa Vulamba watoto wangu walijua nimerudi kabla hawajaliona gari.

Kambere alianza na mkanda wa feni. Akaukaza, halafu akaubadilisha kabisa. Akageukia milango, akapaka sabuni kwenye bawaba. Akafungua magurudumu akasafisha breki. Kila alipomaliza tulilijaribu likiwa tupu hapa mtaani, likanyamaza, tukamshukuru Mungu. Tukishapakia magunia na kuingia milima ya Kabasha, linaanza tena, na watu waliokaa juu ya mzigo wanaanza kunicheka.

Siku moja tukiwa tumesimama barabarani nikamwambia: "Kambere, kama likiwa tupu halilii, basi kinacholia ni kile chenye kubeba muzigo." Alikuna kichwa akasema: "Mama Kavugho, mi sikuwazaka ile hata kidogo."

Kasika alikuwa na njia yake ya kutafuta mlio, nilimwona akiifanya mara nyingi. Chuma kikavu kinacholia, ukikimwagia maji kinanyamaza kidogo. Basi tukalipakia maharage mbele ya nyumba, wanawake wa jirani wakapanda juu ya magunia wakawa wanaruka na kucheka, na mimi chini na birika. Nikamwaga maji mbele, kulia na kushoto, likaendelea kulia. Nyuma kushoto, likaendelea. Nikaja nyuma kulia, kwenye resori, vile vyuma bapa vilivyopangwa na kufungwa pamoja. Likanyamaza. Maji yalipokauka likaanza tena, nikamwaga tena, likanyamaza tena. Nikabaki nimechuchumaa pale na birika tupu mkononi, kwa sababu nilijua resori hiyo ilikuwa imetunzwa na nani.

Nikukumbushe, maana huenda Kampala inasahaulisha. Mwaka 1998, askari walipokuwa wanawanyang'anya watu magari, Kasika alilivunja lake vipande vipande, kama familia nyingi za hapa zilivyofanya, akavigawa kwa ndugu wavifiche. Magurudumu yalilala chini ya maharage kwa mama yako. Kaburata niliificha mimi jikoni. Resori ya kushoto ilienda Mangina kwa shangazi yenu Berthe, akaizika kwenye kahawa yake. Ya kulia ulikuja kuichukua wewe mwenyewe ukaenda nayo Beni. Uani pakabaki bodi tupu juu ya mawe. Askari walikuja, wakaipiga teke, wakaenda zao.

Kasika alikufa kwa homa mwaka uliofuata, bila kuliona gari lake likisimama tena. Hali ilipotulia kidogo upande wetu nikavikusanya vipande, kila ndugu akaleta chake. Chako Kambere alikifuata Beni wakati ulikuwa unafunga mizigo ya kwenda Kampala. Kilikuwa ndani ya mfuko, kimepakwa mafuta mazito. Sikukikagua. Nani anakagua kitu alichotunziwa na mdogo wa mumewe?

Baada ya siku ile ya birika sikumgusia mtu neno. Jumapili baada ya misa nilimwita baba mkubwa Vagheni, nikamwambia Kambere afungue resori zote mbili mbele ya macho yake. Wewe hukujua, lakini Kasika kabla ya kuvigawa vile vipande alivitia vyote alama kwa patasi, mikato mitatu midogo pembeni. Najua kwa sababu ni mimi niliyekuwa namshikia. Resori ya shangazi Berthe, tulipoifuta udongo, ilikuwa na mikato yake. Yako haikuwa na kitu. Ni vyuma vya magari mawili tofauti, kimoja kimekatwa kwa moto ili kitoshe, na cha chini kina ufa ambao ukucha unaingia. Hiyo ndiyo niliyokuwa nashuka nayo Kabasha, na roho za watu ziko juu ya magunia.

Baba mkubwa aliigeuza kwa fimbo yake. "Hii hapana ya Kasika," alisema. "Nani alichungaka ya upande huu?"

Kambere akajibu akitazama chini: "Ni Zacharie. Mi njo nilienda kuikamata kwake."

Mzee alivua kofia, akakaa juu ya tairi.

Mimi sikutosheka. Niliibeba hiyo resori mpaka Beni, nikaizungusha kwa mafundi wa kuunga vyuma, karakana moja baada ya nyingine, mpaka mmoja akaitambua kazi yake. Hakuwa na sababu ya kunificha. "Zacharie alikuyaka na resori ya muzuri," aliniambia. "Tuliiweka ku jeep ya basoda. Lakini akaomba nimuungie ingine ya kufanana."

Ya basoda, shemeji. Wale wale tuliokuwa tunawaficha hilo gari. Mama yako alilala juu ya magurudumu kwa hofu yao, shangazi yako alichimba shimo kwa mikono, na wewe ukawapelekea askari chuma cha kaka yako ili jeep yao itembee vizuri. Hata hapo ningeweza kusema ni njaa, ni vita, kila mtu aliokoka alivyoweza. Lakini ulikaa Kampala ukaandika kwamba gari linalia kwa sababu liko mikononi mwa mwanamke, na ulijua vizuri kilichokuwa kinalia. Hilo silisamehe. Padri ameniambia nisamehe, nikamjibu nitaanza nikimaliza.

Jumamosi iliyopita ukoo ulikutana nyumbani kwa mama yako. Nilimwomba baba mkubwa aisome tena barua yako ya Pasaka, polepole, neno kwa neno, wote wasikie. Wengine walikuwa wanatikisa kichwa kukubaliana nawe. Alipomaliza nikaweka ile resori katikati ya sebule, nikaeleza kama nilivyokueleza hapa. Nilitaka wasikie kwanza ulichosema, ndipo waone ulichofanya. Nilitaka mama yako awepo. Tangu siku hiyo nalala vizuri, na sioni haya kukuambia.

Wamekata neno. Gari ni la watoto wa Kasika, mimi ndiye mlinzi wake, na halitajadiliwa tena. Kambere amepata resori nyingine, nzima. Jana tumeshuka Beni na mzigo kamili, na ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akiimba akiendesha. Kumbe huwa anaimba safari zote.

Lakini uliomba fungu lako, na mimi si mtu wa kumnyima mtu haki yake. Nilisimama nikaomba upewe, na hakuna aliyepinga. Siméon anayekuletea barua hii anakuja na gunia zito. Pale Kasindi watu wa mpaka watakuwa wamemsumbua sana kwa ajili yake, kwa hiyo mpe chakula kabla hujalifungua. Hicho kilichomo ndicho fungu lako lote katika gari la kaka yako.

Msalimie Orpa, na umwonyeshe. Mwanao Sadrack mwambie mama yake mkubwa anamkumbuka, na kwamba yeye hana kosa. Baba mkubwa Vagheni anakusalimu kwa ufupi. Shangazi Berthe anauliza kama huko Kampala kuna shamba la kahawa la kuzikia vitu vya watu. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe afya na mgongo wenye nguvu.

Mama yako hakunipa salamu za kukutumia. Ila gunia hilo amelifunga yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

Ni mimi, mke wa kaka yako hata sasa,
Kavugho Rébecca