Si Moyo Unaodunda

Pelagia mwanangu, hivi jana kule zahanati ulimwambia daktari nini? Asubuhi nimekuta aspirini zake zote umezifunga kwenye pindo la kitenge, hata moja hujameza.

Maji ya kunywa nimeyachemsha, yako mtungini. Maharage ~~usiyaguse, ni ya jioni~~ uyale yote, umekonda mno.

Mumeo kanisimulia. Ulisema moyo unakuuma, daktari akakusikiliza kifua, akasema moyo unapiga vizuri kama ngoma. Masikini, yeye ni mtu wa pwani. Sisi kwa lugha yetu tukisema umutima, moyo, unauma, hatusemi hicho kinachodunda, tunasema majonzi. Nimekwenda kumweleza. Nikirudi usinicheke kwamba bibi kizee wa darasa la nne kaenda kumfundisha daktari kazi.

Lakini kosa si lake peke yake. Tangu tumzike mwanao, mjukuu wangu, miezi mitatu sasa, mimi ndiye niliyekataza asitajwe jina humu ndani, nikidhani kidonda kisichoguswa hupona upesi. Leo ulipokuwa unapuliza moto ukasema, "Mama, natamani mtu amtaje tu." Nikasingizia moshi, nikatoka nje. Kumbe hata mimi nilikuwa natamani hivyo hivyo, kila siku, nikaona haya kusema.

Kuku wafungulie. Kisha unisubiri ukiwa umeshiba, tuje tumzungumzie hadi tuchoke.

Ni mimi,
Bibi yake Havyarimana