Kuku wa Mama Mkwe Ni Mgonjwa, Nami Nimemwambia Ni Mzima

Bi Abdia, pokea salamu kutoka Hewani. Naandika kwa aibu na nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi mama mkwe wangu anarudi kutoka Hola alikokwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua, na kuku wake aliyeniachia leo ni siku ya tisa hali kitu, amejikunyata kwenye pembe ya jiko, macho ameyafumba, kilemba kimepauka, amekonda mpaka mfupa wa kifua unachoma mkono, lakini chini ya shingo ana uvimbe mgumu kama limau.

Ujue huyu si kuku wa kawaida. Mafuriko yalipotuhamisha mama mkwe alitoka na kuku huyu ndani ya sufuria kichwani, nyumba ikaenda, mbuzi wakaenda, wakabaki wao wawili, na kule kwenye mahema alikuwa akilala naye ubavuni, hata mume wangu Gershom anasema mama yake hajawahi kumwangalia yeye hivyo.

Mimi nilimtunza, nikamtandikia gunia kuukuu asilale chini, na alipoanza kuugua nikampa maji ya mshubiri, nikampa pilipili, kisha nikafungua kapsuli za Gershom zilizobaki alipougua kifua nikamtilia mdomoni siku mbili. Gershom akasema, "Mchinje tumle, mama tutamwambia kachukuliwa na nguchiro," akanoa kisu kabisa, nikakataa.

Lakini dhambi yangu ni hii: mama mkwe hupiga simu kila siku kumuulizia, nami humwambia ni mzima, na juzi akasema anataka kumsikia, basi nikachukua kuku wa jirani nikamsogeza kwenye simu, kumbe kwa haraka nilishika jogoo, akawika. Mama mkwe akauliza, "Tamar, tangu lini kuku wangu anawika?" Nikamwambia ni mtandao. Sasa nifanye nini?

Tamar, Hewani

*

Tamar mwanangu,

Barua yako niliisoma Jumatatu asubuhi nikaona haiwezi kungoja gazeti litoke. Ndiyo sababu siku hiyohiyo alikuja kwako Zakaria, daktari wa mifugo hapa Garsen, na pikipiki yake. Wewe yaliyotokea unayajua. Nayaeleza kwa ajili ya wengine ambao saa hii wanamtilia kuku pilipili.

Zakaria hakuanza na dawa, alianza na maswali. Wale kuku sita wa jirani anaozunguka nao uani wakoje? Wazima. Huyu anapinda shingo, anakoroma? Hapana. Basi si kideri, maana kideri hakichagui kuku mmoja kikawaacha wenzake siku tisa. Akakuambia umnyime chakula hadi asubuhi. Kuku mzima akiamka, kifuko cha chakula pale shingoni huwa kimenywea. Cha huyu kilikuwa kigumu vilevile. Kimeziba, na kumkanda kwa mafuta hakukusaidia, basi akamtia ganzi, akapasua, akatoa fundo la nyuzi za nailoni na nyasi ambalo liliponyooshwa lilifika urefu wa mkono. Ni gunia lako, Tamar. Alikuwa akilidonoa uzi mmoja mmoja. Gershom, mwenye kisu, alishika mabawa, kisha akaomba kwenda kukaa nje.

Jana kuku alikula uji kidogo akamdonoa Zakaria. Hilo limempendeza. Hasemi amepona, anasema ana nafasi. Alikaa na njaa muda mrefu mno, na anaweza kufa hata kesho.

Nakuhurumia, kwa kuwa ulikataa kisu na ukakesha na kiumbe cha mtu. Lakini kapsuli za kifua cha mwanamume mzima kwa kuku wa kilo moja? Na kama Gershom angepata kitoweo chake, mngekula na dawa yenyewe. Siku ya kwanza kuku akigoma kula, mshike, mpapase, kisha mpigie anayejua. Wewe ulianza na mshubiri.

Sasa sikiliza. Gunia lichome, mtandikie majani makavu yaliyokatwa mafupi. Uji mwepesi, kidogo kidogo, mara nne kwa siku, na maji safi. Mtenge na wenzake, watamdonoa kidonda. Kidonda usikipake chochote, hata jirani akiapa. Akitaga, yai msile mpaka Zakaria aseme. Akifa, mzike chini sana, na kisu kikae jikoni.

Na mama mkwe wako anajua, Tamar. Mwanamke aliyefuga kuku miaka arobaini hakuhitaji kuambiwa. Anangoja tu wewe useme, na kila siku usiposema, anakaa Hola peke yake na hofu yake. Usimwachie akute bandeji mlangoni. Mpigie leo. Mwambie, "Mama, kuku aliugua, nikakudanganya, amepasuliwa, mpaka sasa yu hai." Halafu nyamaza umsikilize.

Akikukatia simu, piga tena.