Sauti Nzuri ya Zulma

Jumatatu, 11 Novemba 2019
Mwezi mmoja tu, kisha nastaafu. Leo nimebandika ukutani orodha ya wizara: mambo ambayo mtoto wa darasa la kwanza awe ameyajua mwaka ukiisha. Asome habari fupi na kuielewa. Ahesabu hadi mia. Aandike jina lake lote. Nilipofika hapa mwaka 1981, na sanduku moja, hapakuwa na orodha. Palikuwa na jiko la kuni, farasi wanne wamefungwa uani, na Zulma mdogo — alisoma vizuri kuliko wote. Siku ya bendera alisimama mbele na aproni yake nyeupe, utepe wa buluu umeenda upande, na wachunga ng'ombe wakavua kofia kumsikiliza. Nimeikumbuka sauti ile miaka yote. Sasa ninaye mjukuu wake, Maite, darasa lilelile, sauti ileile. Kwenye kusoma nimempa alama ya juu tangu Julai.

Jumatano, 20 Novemba
Nimeumbuka. Maite alikuwa anasoma hadithi ya kondoo aliyepotea. Akafunua kurasa mbili kwa mpigo, zilikuwa zimegandana kwa jemu. Hakusita. Akausoma ule ukurasa uliofichika — neno kwa neno, na vituo vyake! Nikaweka kidole juu ya neno moja tu. Hili ni nini? Akauliza liko wapi kwenye hadithi, ili aanzie mwanzo.

Hasomi. Anakumbuka tu. Tuko chumba kimoja, darasa la kwanza hadi la sita, watoto saba, naye kutwa anawasikia wakubwa. Mito ya nchi nzima anaijua, hesabu za mara saba anazijua. Herufi hazifiki kumi. Na mimi mtu mzima nilikuwa nasikiliza sauti, naburudika.

Alhamisi, 21 Novemba
Ma, me, mi. Saa nzima. Maite amelia. Mimi pia, kidogo, kwenye stoo ya maziwa.

Jumatatu, 25 Novemba
Zulma amekuja. Anawapikia wakata manyoya ya kondoo, amepewa siku moja ya kupumzika. Nikamtengenezea mate, ile chai yetu chungu ya kunywea kibuyuni kwa mrija, tukakaa ukumbini.

"Maite kaniambia umegundua, Mwalimu."

"Nimegundua. Lakini usiogope, tuna wiki tatu."

"Hazitoshi. Usimpandishe darasa."

Nikamwambia asikate tamaa mapema, huyu kusoma kuko kwenye damu, kachukua kwa bibi yake. Akacheka. Akafyonza ile chai mpaka kibuyu kikalia, akanirudishia.

"Mimi nilikaa nyuma ya Hermes, yule aliyejua kusoma kweli. Alichokusomea yeye leo, mimi nilikusomea kesho."

"Mpaka lini?"

"Mpaka leo. Kambini wakiniletea orodha ya vyakula nasema nimesahau miwani. Macho yangu mazima, Mwalimu, sijawahi kuwa na miwani."

Nikamimina maji mengine ya moto kibuyuni.

"Ulinipandisha mara sita," akasema. "Na cheti ukanipa. Mama alikitundika juu ya kitanda."

Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana. Kumbukumbu niliyoipenda kuliko zote hapa, na ndani yake nimemwacha mtoto gizani. Nimemwahidi Zulma kwamba Maite atarudia mwaka. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumatatu, 9 Desemba
Mkaguzi amepita. Anasema katika miaka thelathini na minane sijarudisha hata mtoto mmoja wa darasa la kwanza, na wilaya imenichongea kibao cha shaba kinachosema hivyohivyo. Akafungua rejista, akanipa kalamu, akawa anangoja huku anakula biskuti. Nikafika kwenye jina la Maite.

Nimeandika: Amepanda. Mwalimu mpya atakuja Machi shule ikifunguliwa, ni kijana, ataona mwenyewe. Mwandiko ulitoka mzuri tu.

Ijumaa, 13 Desemba, saa kumi jioni, jikoni
Waliokuja kuniaga wako nje wote. Kibao nimeshapewa, nimelia — kwa ajili ya farasi wale, na jiko lile, na utoto wa watu ambao leo wana mvi. Hayo machozi yalikuwa ya kweli.

Kisha nikagawa kadi za matokeo. Zulma akaipokea ya Maite, akaitazama kwa muda mrefu, macho yakienda mstari kwa mstari kama ya msomaji yeyote. Anajua kuigiza. Watu walipotawanyika akanisogelea, akasema polepole: "Nisomee, Mwalimu. Umemrudisha kama tulivyosema?"

Nikasema ngoja nikakate keki.

Keki iko mbele yangu, nzima. Dirishani namwona, kaishika kadi kifuani isikunjike. Nikisema ndiyo, ataniamini. Atanishukuru mbele ya watu. Hatajua mpaka Machi, na Machi mimi sipo.

Anavuka uwanja. Anakuja huku jikoni, kamshika Maite mkono, na kadi wameifunua mbele yao.