Ampli yenye nilirudishia sauti

Siku ya yenga, kisha misa. Joto ya mbele ya mvua, vumbi ya makamio ya ku barabara inaingia mpaka mu kinywa. Sikukula komunyo. Mi mwenyewe najinukia mubaya.

Jana banafunzi ba institi ya teknike baliniita nibaelezee vile nilianzaka électronique. Bale bako na ordinatere, ile kompyuta, kila muntu. Nilibachekesha. Nilibaambia juu ya Kabeya, rafiki yenye nilikaaka naye mesa moya ku masomo: namna tulivunjaka radio za kufa juu ya kupata bipande, namna masomo yote ilikuwa na ordinatere moya tu, mu biro ya préfet, mukubwa wa masomo, na siye tunaandika programme mu kaye ya karatasi, tunangoya zamu yetu juma mbili, tunafika, courant ya umeme inakatika. Nikabaambia na juu ya ampli, mashini ya kupandisha sauti, yenye tulitengeneza siye babili, mu kisanduku ya sabuni, juu ya fête ya masomo. Bakapiga mikono.

Nikakomea pale. Nusu ingine nilimeza.

Kabeya alikuwa muntu wa Kasai. Baba yake alizaliwa hapa hapa Kolwezi, lakini ule mwaka wa ile fête bakubwa ba province balisema batu ba Kasai barudie kwabo. Balibaita bilulu, sawa tududu twa mu unga. Bijana bakataka ampli yetu, bapite nayo mu mabarabara kufukuza batu. Mbele bafike, Kabeya alitosha transista, kale kapande kadogo kenye kanapandisha sauti, akakatupa mu choo. Akaniambia: "Ndugu, nimeiua. Uiache na kufa kwake."

Nikamupa neno yangu.

Kesho yake bijana bakaniletea ile ampli. "Iko bubu. Itengeneze, fundi." Nikasema siwezi. Moya akacheka: "Si nilibaambia? Fundi alikuwa Kabeya. Huyu alikuwa anamushikia taa tu."

Nikatosha transista mu radio yenye nilitengenezaka na Kabeya, nikaiweka mu ampli. Dakika kumi hivi.

Siwezi kusema niliogopa. Hakuna mwenye alinitisha. Sikuchukia batu ba Kasai. Mama ya Kabeya alinilisha bukari myaka tatu. Nilitaka tu bale bapumbafu baseme niko fundi.

Ikasema. Nikafurahi.

Hii njo sijisamehe mpaka lelo: nilifurahi. Ikatembea avenue kwa avenue, "bilulu, batoke," na mi niko nyuma yake, nasikiliza kama sauti iko safi. Ikafika ku gare, kwenye Kabeya na mama yake balikuwa banalala chini, banangoya train. Kabeya akainua kichwa. Nikajificha nyuma ya wagon.

Juma hii amenipata ku telefone, yeye iko Mbuji-Mayi, kule Kasai. Mama yake alikufa mu ile train, sikujua. Akaandika: "Ndugu, kuko kitu kimoya nataka nijue mbele nizeeke. Nani alisemesha ampli? Batoto wangu banasema ni we. Nabaambia apana, ule alinipa neno yake."

Siku ine nilitafuta mu kichwa fundi mwingine wa kumubebesha, mwenye alishakufa, asiweze kukatala. Nilimupata, na jina yake. Nilifungua telefone, nikaandika ile jina mpaka mwisho.

Myaka yote hii, na mukono ingali ile ile.

Nikaifuta. Saa hii, kisha misa, nimemuandikia: "Ni mi. Nilitosha transista mu radio yetu."

Ameisoma. Bado hayanijibu. Asinijibu hata, sitamuomba kitu.

Kesho asubui narudia ku institi. Bale batoto baliniomba niseme vile nilianzaka. Nitabasemea yote.